Meliame, mkalimani aliyelitamka neno mbele ya kaka yake

Saa mbili na robo asubuhi, katika kliniki moja kusini mwa jiji la Auckland, mama wa miaka hamsini na miwili anamwambia daktari kwamba yeye ni babu wa wajukuu kumi na mmoja, kwamba usiku anaamka mara tano kwenda haja ndogo, na kwamba tezi dume inamsumbua tangu Pasaka.

Daktari haoni ajabu. Anaandika. Kando ya mama huyo ameketi mzee mwenye maneno hayo, mikono juu ya mkongojo, akiitikia kwa kichwa kila sentensi inapokwisha, ingawa ya Kiingereza haelewi hata moja.

Mama huyo ni Meliame Havea, mkalimani wa Kitonga na Kiingereza. Kanuni ya kwanza ya kazi yake ni kwamba mkalimani hasemi "mzee anasema." Husema "mimi." Mgonjwa akisema naumwa, naye anaumwa. Mshtakiwa akisema sikufanya, naye hakufanya.

Daktari anapotoka kufuata majibu ya damu, mzee anamgeukia Meliame. Anataka kujua kama lile la tezi amelitaja au amelizunguka. Meliame anamhakikishia kwamba amelitaja kama lilivyo.

"Vizuri," anasema mzee. "Ndiyo maana nikaomba uje wewe. Wenzako wanaona haya, daktari anabaki anatibu goti."

Sifa hiyo ya kutozunguka neno Meliame hakuitafuta. Aliipata siku moja ya mwezi wa nane, miaka miwili iliyopita, katika chumba cha mahakama, na nusura imgharimu kaka yake wa pekee.

Alizaliwa Tonga, katika kisiwa kimoja cha Ha'apai, akaja Auckland akiwa na miaka ishirini na mitatu kusafisha ofisi. Ukalimani ulimwingia kwa mlango wa msiba. Mama yake alipougua saratani ya kizazi, aliyemtafsiria hospitalini alikuwa binamu wa kiume, kijana mwenye adabu zake, ambaye kwa aibu alimwambia mgonjwa kwamba ana tatizo la tumbo. Mama akatibu tumbo kwa majani ya kuchemsha miezi minne.

"Adabu ile ilimharakisha mama yangu," anasema Meliame. "Simlaumu binamu. Alilelewa vizuri kupita kiasi."

Baada ya mazishi alisoma masomo ya jioni miaka miwili, akapata cheti. Leo hulipwa dola arobaini na tano kwa saa, pale anapoitwa. Wiki nzuri ina saa ishirini. Wiki mbaya ina saa tatu, na mafuta ya gari ni juu yake.

Kesi iliyomfanya ajulikane ilikuwa ya Kelepi Fonuamalu. Huku kusini jina hilo halihitaji utambulisho. Kelepi aliichezea timu ya taifa ya raga miaka tisa. Alipostaafu akawa sauti ya asubuhi kwenye redio ya jamii, akaanzisha kambi za vijana, akawa sura ya tangazo la mikate. Nyumba nyingi za Watonga zilikuwa na picha tatu ukutani: ya mfalme, ya harusi, na ya Kelepi amebeba mpira.

Kisha mwanamke mmoja akaenda polisi, akasema kwamba alipokuwa na miaka kumi na tisa, akiandikisha majina katika moja ya kambi hizo, Kelepi alimbaka. Jina la mwanamke huyo halitajwi kwa amri ya mahakama. Watu wake wa karibu wanalijua, na wengi wasiolijua walilibuni.

Kesi ilikaa karibu miaka miwili kabla ya kusikilizwa, na kwa muda wote huo haikupumzika midomoni. Kwenye duara la kava, kinywaji cha mizizi wanachokunywa pamoja jioni, wanaume waliuliza kwa nini amengoja miaka yote hiyo. Sokoni Jumamosi wanawake waliuliza, kwa sauti ya chini zaidi, angemwambia nani. Redioni mtangazaji mpya aliyeketi kwenye kiti cha Kelepi alipokea simu asubuhi nzima. Mama mmoja alipiga akasema kwamba yeye hakuwepo, mtangazaji hakuwepo na wasikilizaji hawakuwepo, kwa hiyo wote wanyamaze. Mtangazaji alimjibu kwamba wakinyamaza wote kipindi kitakwisha, na bado kuna saa nzima ya kujaza.

Meliame alisikiliza hayo akiwa barabarani kati ya hospitali na hospitali. Anasema kilichomshangaza ni kwamba watu walizungumza sana juu ya Kelepi, magoli yake, mkono wake wa utoaji, mama yake mzazi na moyo wake utakavyoumia, lakini lile jambo lenyewe lililosemwa kutendeka hakuna aliyelitaja kwa jina. Wanaomtetea waliliita "yale mambo." Wanaomlaumu nao waliliita "yale mambo."

Mahakama ilipompigia simu, alitaka kukataa. Waliotangulia kuombwa walikuwa wamekataa, mmoja kwa undugu, wengine kwa kanisa. Alitamka wazi kwamba kaka yake ni rafiki wa mshtakiwa. Mawakili wa pande zote mbili walishauriana wakasema hawana pingamizi, kwa maana ukiwaondoa Watonga wote wanaofahamiana na Kelepi utabaki na viti.

Kaka huyo ni Samiuela, mpakiaji mizigo uwanja wa ndege, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa. Yeye na Kelepi walianza kucheza raga pamoja wakiwa hawana viatu. Baba wa Meliame na Samiuela alipofariki, Kelepi aliacha mazoezi, akasafiri na jeneza hadi Ha'apai, akalibeba begani kutoka gatini hadi makaburini.

Kati ya dada na kaka, kwa Watonga, kuna heshima isiyochezewa. Dada ni mkubwa kwa kaka yake hata akiwa mdogo kwa umri. Kaka hakai kitandani kwake, hatii neno chafu masikioni mwake, na televisheni ikionyesha watu wanabusiana mmoja wao hutoka nje kutazama kama mvua inakuja. Kila Jumapili baada ya ibada, sahani ya kwanza ya majani ya magimbi na nyama ya kopo iliyotoka tanurini kwa Samiuela ilipelekwa kwa Meliame. Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na mitano.

Mwanamke aliyeshtaki alitoa ushahidi wake kwa Kiingereza, chumba kikiwa kimefungwa kwa watu wa nje, na hakuhitaji mkalimani. Aliyehitaji ni shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, mama wa miaka sabini na mmoja aliyefanya kazi maisha yake yote katika ghala la kufungasha vitunguu. Binti huyo alikuwa amemsimulia siku iliyofuata tukio. Ushahidi wa shangazi ulisikilizwa hadharani.

Asubuhi hiyo Meliame alikula kiapo, akasimama kando ya kizimba, akainua macho. Safu ya mbele ya wasikilizaji ilijaa wanaume wa kwaya, mikeka ya heshima ya Kitonga imefungwa viunoni kama wanaoenda mazikoni. Katikati yao aliketi Samiuela.

"Nilidhani ataondoka mwenyewe," anasema Meliame. "Sikuwa na ruhusa ya kuzungumza na mtu yeyote kule. Nikamtazama. Akatazama chini. Hakuondoka."

Mwanzo ulikwenda salama. Shangazi alieleza jinsi binti alivyofika mlangoni asubuhi, jinsi alivyokaa bafuni saa nzima, jinsi alivyokataa chai. Alipofika kwenye maneno ya binti, alisema kwa Kitonga cha watu wazima: alimvunjia heshima.

Wakili wa utetezi alisimama, mpole, mwenye sauti ya mwalimu. Alisema kuvunjiwa heshima ni jambo pana. Mtu anaweza kuvunjiwa heshima kwa kufokewa mbele ya wenzake. Je, inawezekana binti alikuwa amegombezwa tu kazini? Alimwomba shahidi awaambie wananchi kumi na wawili wanaoamua kesi ni maneno gani hasa yaliyotoka kinywani mwa mpwa wake. Kama hayakumbuki, aseme hayakumbuki.

Shangazi alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Kisha yule mama akayasema, kwa Kitonga kile ambacho Mtonga hukisikia mara moja au mbili maishani mwake, na kamwe si mbele ya watu.

Sasa yakawa yamelala mdomoni mwa Meliame.

Angeweza kuyalainisha. Kiingereza kina maneno mengi ya pembeni, na chumbani hakuna ambaye angemkamata isipokuwa Watonga wenyewe, na hao wangemshukuru. Lakini swali zima la wakili lilikuwa juu ya hilo hilo, kama neno lilikuwa laini au gumu.

Mkalimani akitaka kusema jambo lake mwenyewe hujitaja kama mtu mwingine. Meliame alimgeukia jaji akasema, "Mkalimani anaomba maji." Akaletewa. Akanywa polepole. Glasi ilipokwisha aliendelea kuishika, na safu ya mbele iliona.

Shangazi naye aliona. Alitazama safu ya wanaume, akamtazama Meliame, akaelewa. Akasema kwa Kitonga, "Mwanangu, ikiwa mimi nimelisema na mvi hizi, nawe utalisema."

Jaji akauliza shahidi amesema nini. Na kwa kuwa kila kinachotamkwa mahakamani lazima kitafsiriwe, Meliame alilazimika kutafsiri faraja aliyopewa mwenyewe. Kisha, bila kupumua katikati, akaendelea:

"Alinishika kwa nguvu, akanibaka, nami nilikuwa nasema hapana."

Safu ya mbele ikaanza kuinuka na kutoka. Wakili aliuliza swali la pili, kwa nini basi shahidi hakwenda polisi. Shangazi alijibu, na Meliame akajibu naye: "Kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Kelepi alikuwa anakuja kanisani kwetu Jumapili ile. Nilikuwa nimeshasuka mkeka wa zawadi yake."

Meliame aliposhuka mchana, safu ya mbele alikuwa amebaki Samiuela peke yake.

Jumapili hiyo sahani haikuja.

Haikuja iliyofuata wala iliyofuata tena. Watu wa mtaani waliokuwa wakimwita kuwasomea barua za serikali na kuwasindikiza benki walipungua kutoka kumi na wawili kwa wiki hadi wawili. Kanisani alipewa nafasi benchi zima peke yake. Muuza magimbi mmoja sokoni, ambaye Meliame amenunua kwake tangu wakiwa wasichana, alimpimia kilo tatu kisha akamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi meza ya nne:

"Leo umekuja kama wewe, au umekuja kama shangazi wa mtu?"

Meliame alimjibu kwamba magimbi anakula kama yeye mwenyewe. Watu walicheka, lakini kicheko hakikuwa upande wake.

Jambo lililomchosha zaidi ni kwamba watu waliyachukua maneno aliyoyatafsiri wakampa yawe yake. Redioni mtu alipiga simu akasema kwamba yule mkalimani ndiye aliyelitia neno lile. Mama wa watu alisema heshima, yeye akasema kubaka. Kwa siku nne wapigaji walijadili tofauti hiyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo mahakamani.

"Nilitaka kupiga simu," anasema. "Nikakumbuka kiapo. Niliyoyatafsiri si yangu kuyatetea."

Alipoulizwa na mwandishi wa simulizi hii kama yeye binafsi alimwamini yule binti, alitabasamu kidogo. "Mkalimani hana maoni. Meliame anayo, lakini siku hiyo hakuajiriwa."

Wananchi wale kumi na wawili walikaa siku tatu. Kulikuwa na mashtaka mawili. La tukio la kambini, walimkuta Kelepi na hatia. La pili, lililodaiwa kutokea miezi baadaye, hawakumkuta na hatia. Alifungwa miaka saba, na rufaa yake ilikataliwa mwaka jana. Kila upande wa mjadala ukachukua nusu yake ya hukumu ukaenda nayo nyumbani. Hadi leo utamkuta mtu kwenye kava akiapa kwamba Kelepi aliachiwa, na mwingine karibu naye akiapa kwamba alikutwa na hatia, na wote wawili wana karatasi ya mahakama ya kuthibitisha.

Samiuela alikubali kuzungumza wakati wa chakula cha mchana, kwenye benchi nje ya ghala la mizigo, akiwa bado amevaa fulana ya kung'aa. Ni mtu mkubwa, mwenye sauti inayotokea mbali kifuani. Alikula nusu ya mkate wake kabla ya kusema lolote.

"Nilikaa pale makusudi," alisema. "Wenzangu waliniambia, kaa mbele, akuone. Hatukutaka alie wala aumie. Tulitaka ashindwe tu, kesi iende na neno lile la heshima. Nami nilijua atashindwa. Mimi nisingeweza."

Aliuweka mkate chini.

"Alipolisema nilitazama viatu vyangu. Lakini macho utayafumba, masikio utayafumbaje?"

Anasema hakumkasirikia dada yake, kama watu wanavyodhani. Aliona aibu, na kwake aibu hiyo ilikuwa nzito kuliko hasira. Angefikaje mlangoni kwake na sahani, akiwa amekwenda kutumia heshima yao kumziba mdomo?

Kwenye kava mambo yaliharibika zaidi. Wenzake walikuwa wakisema yule binti amesema hivi, amesema vile, na yeye alijua sivyo. Katika duara zima ndiye aliyekaa hadi mwisho siku ile. Wengine walikuwa wametoka mara tu neno lilipotamkwa. Lakini asingeweza kuwasahihisha, kwa sababu kusahihisha kungemlazimu kurudia maneno yaliyotoka kinywani mwa dada yake.

"Nikawa mtu mmoja aliyesikia, na mtu mmoja asiyeweza kusimulia," alisema. Mwishowe aliacha kwenda.

Hakumwacha rafiki yake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Samiuela huendesha gari kwa saa mbili hadi gerezani. Wanazungumza juu ya raga na magoti. Watu wa upande mmoja humsifu kwa uaminifu, wa upande mwingine humwita mnafiki, naye hawajibu wote. Mwandishi alipomuuliza, alijibu mara moja, kama mtu aliyekwisha kujiuliza.

"Namtembelea kwa sababu alimbeba baba yangu. Si kwa sababu hakufanya."

Sahani ilirudi baada ya miezi kumi na minne, Jumapili ya mvua, imefunikwa karatasi ya fedha, imewekwa kwenye ngazi. Aliyeileta alikuwa ameshafika kwenye gari. Meliame aliiona taa ya nyuma tu. Alikula yote, ingawa alikuwa ameshakula. Tangu hapo haijakosa, na jambo lile hawajalizungumza. Meliame anasema hawatalizungumza, na kwamba kwao hilo si ubaya. Anachojua juu ya kaka yake kuhusu siku ile amekijua kupitia simulizi hii, ambayo Samiuela aliomba asomewe kabla haijachapishwa, kisha akaomba isibadilishwe.

Na simu zimeanza kulia tena, ila kwa watu wengine. Wanawake wazee, hasa, humwomba kwa jina hospitalini. Hawasemi "Meliame." Humwambia muuguzi wanataka "yule anayeweza kulisema." Kuna walioingia kwa ajili ya shinikizo la damu na wakasimulia mambo ya miaka arobaini. Ni wangapi, Meliame hataji. Kiapo ni kiapo. Anasema tu kwamba ni zaidi ya mmoja, na kwamba akitoka hukaa garini kwanza kabla ya kuwasha.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la darasa. Tangu mwezi wa sita, yeye, muuguzi mmoja mstaafu na mke wa mchungaji wanaandaa daftari la maneno: ya mwili, ya maradhi, ya mahakama, kwa Kitonga ambacho mtu anaweza kukitamka mbele ya jaji bila kuzunguka na bila kutukana. Mengine yapo katika lugha, yamesahauliwa. Mengine wamegombania wiki nzima. Mke wa mchungaji, ambaye mwanzo alikuwa akiandika maneno kwenye karatasi na kuyasukuma mezani yakiwa yamekunjwa, sasa ndiye anayesema kwa sauti kuliko wote.

Wanafunzi ni saba, wasichana watano na wavulana wawili, na mazoezi hufanywa kwa vyumba viwili pale panapokuwa na kaka na dada. Mtihani wa cheti ni mwezi wa kumi na moja. Meliame anataka mwakani pawe na wakalimani wa kutosha, ili mahakama isilazimike tena kumwita mtu ambaye kaka yake ameketi safu ya mbele.

Mmoja wa wale saba ni Toakase, miaka ishirini na mmoja, binti wa Samiuela. Alimwomba baba ruhusa kwa wiki tatu. Baba akasema atafikiri, akafikiri, kisha akasema kwamba kwa mtoto huyo Meliame ndiye shangazi, na neno la shangazi halipingwi, kwa hiyo kumbe alikuwa akiombwa ruhusa isiyokuwa yake.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi na moja jioni, Samiuela alimleta Toakase katika ukumbi wa kanisa. Alibeba meza, akapanga viti, akapiga magoti kurekebisha kipasha joto kilichokuwa kikinguruma. Wanafunzi walikwisha kukaa na madaftari yalikwisha kufunguliwa, naye bado alikuwa akifutafuta dirisha lisilo na vumbi.

"Dada," akauliza bila kugeuka, "mmefika ukurasa gani?"

"Wa nne."

"Wa nne una maneno?"

"Una maneno," akasema Meliame.

Samiuela akakikunja kitambaa cha kufutia, akakiweka juu ya kiti, akachukua funguo.

"Basi someni vizuri," alisema. "Mimi niko kwenye gari."